Kishikwambi kidogo kitumike kama simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu

Kwa miaka miwili nimetembea na kishikwambi cha inchi 8.7 hapa mjini Lamu, na ndicho simu yangu. Watu huniona nikizungumza nacho Mkunguni nikingoja boti ya Mokowe, nao huniuliza. Maswali ni yale yale: barazani, dukani, hata mtu anaponisimamisha njiani tukampisha punda kwanza ndipo aulize. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Sina duka wala siuzi. Wengi husema tableti. Nitasema kishikwambi, maana ndilo jina lililozoeleka tangu sensa ya 2019 ilipofanywa kwavyo.

## Mambo ya kwanza

1. Kishikwambi kinachopiga simu ni kipi hasa?

Vipo vya aina tatu. Cha kwanza ni cha waifai peke yake, hakina mahali pa laini. Cha pili kina mahali pa laini lakini laini hiyo ni ya bando tu: utaingia intaneti popote penye mtandao, ila hupigi wala hupigiwi. Cha tatu kinatia laini na kinapiga simu kama simu yoyote.

Cha pili na cha tatu huwezi kuvitofautisha kwa macho. Sanduku linaweza kuandikwa 4G au LTE kwa vyote viwili, kwa sababu maneno hayo yanahusu intaneti na si sauti. Hapo ndipo watu wanapopoteza pesa zao. Swali la 4 linaeleza namna ya kukipima.

Jambo lenyewe si geni. Galaxy Tab ya kwanza ya Samsung, iliyotoka 2010 na skrini ya inchi 7, ilipiga simu katika toleo lililouzwa nje ya Marekani. iPad haipigi simu ya kawaida kwa laini yake, hata ile inayotiwa laini, kwa hivyo anayeitaka simu asihangaike nayo.

2. "Kidogo" ni inchi ngapi, na kitaingia mfukoni?

Inchi 7 hadi 8.7. Vinavyoonekana sana kwa bei ya kadiri ni Galaxy Tab A7 Lite ya 2021 na Galaxy Tab A9 ya 2023. Vyote ni vya inchi 8.7, upana wa sentimita kumi na mbili na nusu hivi. A9 ina gramu 330 na kitu, A7 Lite inakaribia 370. Simu nyingi za sasa hazifiki au zinazidi kidogo tu gramu 200.

Kwenye mfuko wa kanzu kinaingia, lakini kanzu inavutika upande mmoja na ukikaa chini kinakugota pajani. Kwenye mfuko wa suruali hakiingii. Mimi nimeshona kimkoba cha kitambaa cha marekani chenye kamba ya begani, na tangu hapo sijapata taabu. Akina mama hawana shida hii. Mkoba wao tayari upo. Kuanzia inchi 10 usikifikirie tena kama simu, hicho ni cha kuwekwa mezani.

3. Kuna haja gani, na simu zenyewe siku hizi ni kubwa?

Haja ya kwanza ni macho. Mamangu alikuwa ameacha kusoma msahafu wa simu kwa sababu irabu zilikuwa zimegeuka vumbi machoni pake. Nilipomfungulia sura ya Yasin kwenye kishikwambi, akakisogeza, akakiweka juu ya mto, akaanza kufuatisha kwa kidole. Alipofika mwisho wa ukurasa akasema, "Hata fat'ha naziona." Kwangu mimi kishikwambi kilijilipa jioni ile.

Ya pili ni kazi. Nahodha anayetazama ramani ya upepo wakati kusi imechacha anahitaji kuiona Kiwayu na Pate kwenye skrini moja bila kuvutavuta kwa vidole. Anayepokea wageni hujaza fomu na kuonyesha picha za vyumba. Mwanafunzi husoma ukurasa mzima wa kitabu badala ya robo ukurasa.

Lakini kwa anayefanya kazi mkono mmoja ukiwa umeshika kitu kingine, kamba ya tanga, usukani wa mashini, hatamu ya punda, hiki si kitu chake. Kishikwambi kinataka mikono miwili.

## Simu, ujumbe na pesa

4. Nitajuaje kwamba kinapiga simu kabla sijalipa?

Nenda dukani na laini yako mwenyewe na simu nyingine. Usikubali kuonyeshwa kwa laini ya muuzaji ikiwa tayari imo ndani, wala usikubali neno "hiki kinapiga" bila ya kupiga.

Nasema hivi kwa sababu kilinipata. Kishikwambi changu cha kwanza nilikinunua katika duka moja Mombasa. Muuzaji alinionyesha bando likifanya kazi, video ikicheza vizuri, nikaridhika. Nikapanda basi, safari ya siku nzima kupitia Malindi na Garsen, nikafika Mokowe wakati wa magharibi. Pale kwenye gati nikataka kumpigia nduguyangu anipokee ng'ambo. Nikatafuta kitufe cha kupigia simu. Hakikuwepo. Nimetazama kila ukurasa wa kishikwambi kile, na boti inajaa watu. Duka lilikataa kukirudisha kwa kuwa sanduku lilikuwa limefunguliwa.

Sasa nafanya hivi: natia laini, nangoja jina la mtandao litokee juu, natafuta programu ya simu yenye alama ya kijani, kisha napiga simu yangu nyingine na kuzungumza japo nusu dakika. Halafu najipigia kutoka kule, nione kama kinalia. Natuma ujumbe mfupi na kuupokea. Mwisho nabonyeza *334#. Menyu ya M-Pesa ikija, mambo yametimia. Kuwa na namba ya IMEI, ile ya kukitambulisha kifaa, si ushahidi, maana hata cha bando peke yake kinayo.

Kama huna njia ya kukishika kabla ya kukinunua, tazama namba ya toleo nyuma ya sanduku. Kwa Tab A7 Lite, SM-T220 ni ya waifai tu na SM-T225 ndiyo yenye laini. Kwa Tab A9, SM-X110 ni ya waifai na SM-X115 ina laini. Ukiandikiwa "Tab A9" bila namba, uliza namba.

5. M-Pesa itafanya kazi?

Ikiwa kinapiga simu, ndiyo, kwa njia zote: menyu ya laini, *334#, na programu yenyewe ya M-Pesa. Ikiwa ni cha bando tu, hapo kuna tatizo ambalo watu hawalioni mpaka wasimame mbele ya mwenye duka. Unapolipa bili na mlipwaji akakutumia ombi, lile dirisha la kuomba namba ya siri hutumwa kwenye laini. Laini ikiwa ndani ya kifaa kisichokubali menyu za laini, dirisha haliji na malipo yanakufa. Vivyo hivyo namba za uthibitisho za benki, ambazo huja kwa ujumbe mfupi.

Jambo jingine: skrini kubwa inasomeka na jirani yako. Kwenye boti yenye watu ishirini mabegani, salio lako linaonekana mpaka nyuma. Zima ujumbe usijitokeze juu ya skrini iliyofungwa.

6. Nitazungumza vipi? Nikiweke sikioni kizima?

Vingi havina spika ya sikioni. Sauti hutoka kwenye spika kubwa, na barabara nzima ya Langoni itasikia habari zako. Dawa yake ni visikizio vyenye kipaza sauti. Vya waya ni rahisi na havihitaji chaji. A7 Lite na A9 zote bado zina tundu la waya. Vya Bluetooth ni starehe zaidi, lakini vikiisha chaji unabaki huna faragha, kwa hivyo mimi huweka vya waya kwenye mkoba siku zote.

Anayekuambia kwamba utazoea kukiweka sikioni hajapigiwa simu ya nusu saa.

7. WhatsApp ile ile inaweza kuwa kwenye simu na kwenye kishikwambi?

Inaweza. Simu inabaki kuwa kifaa kikuu, na unaweza kuunganisha vifaa vingine hadi vinne. Simu kuu usipoitumia kwa zaidi ya siku 14, vilivyounganishwa hutolewa. Ikiwa laini yako imo ndani ya kishikwambi, basi kisajili chenyewe kiwe kifaa kikuu. Namba ya kuthibitisha itakuja hapo hapo.

8. Niache simu kabisa, au niwe na vyote viwili?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu langu limebadilika. Mwanzoni nilitaka kitu kimoja tu mkononi. Sasa namshauri kila anayeniuliza: nunua kishikwambi kinachopiga simu, kisha weka na kabambe, ile simu ndogo ya batani. Laini ya M-Pesa na simu za watu wote ikae kwenye kabambe, na laini ya bando ikae kwenye kishikwambi. Kabambe inakaa na chaji siku kadhaa, inaingia mfukoni, na ikianguka ndani ya mashua hulii.

Mtu ataniuliza, basi kwa nini nihangaike kutafuta kinachopiga simu? Kwa sababu siku kabambe itakapopotea au kuzama, utahamisha laini na maisha yaendelee hata kabla hujaenda dukani. Na kwa sababu utakapokiuza, kinachopiga simu kina wateja zaidi.

Vishikwambi hivi vya Samsung nilivyovitaja vinachukua laini moja tu, pamoja na kadi ya kumbukumbu. Aliyezoea laini mbili ndani ya simu moja ana sababu zaidi ya kubaki na kabambe.

## Mtandao wa huku kwetu

9. Kwa nini nikiwa nje kinashika vizuri na ndani ya nyumba kinapotea?

Nyumba zetu za mawe zilijengwa zizuie joto, na zinazuia na mawimbi. Ukuta wa matumbawe na chokaa una unene unaokaribia dhiraa. Chumba kimepangwa nyuma ya chumba: ukitoka daka la mlangoni unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, kisha misana, yaani kumbi ndefu, ndipo uingie ndani. Kila ukuta unapunguza. Ukikaa kiwandani, penye wazi juu, mtandao unarudi. Ukiingia ndani kabisa unabaki na kijistari kimoja.

Kishikwambi hakina kosa hapo, wala simu ya bei kubwa haitakuokoa sana. Kinachosaidia ni masafa. Mitandao ya Kenya hutumia 4G ya megahezi 800, iitwayo bendi ya 20, na ya 1800, iitwayo bendi ya 3. Mawimbi ya 800 hupenya ukuta vizuri kuliko ya 1800. Kishikwambi kisichoshika bendi ya 20 kitakuwa kizuri barabarani na maskini chumbani. Kwa hivyo kabla ya kununua, tafuta orodha ya bendi zake na uhakikishe 20 imo.

Mimi hukiweka kwenye kidaka cha msana, upande wa kiwanda, na visikizio vya Bluetooth vinanifikisha mpaka nilipokaa.

10. Nduguyangu yuko Marekani, anataka kuniletea. Kule ni bei ya chini.

Mshukuru, lakini mwombe asubiri. Vya kule vina matatizo matatu. Vingi vimefungwa kwenye kampuni ya simu iliyoviuza, na laini ya Kenya haitakubaliwa. Vingi havina bendi ya 20 niliyoieleza kwenye swali la 9, kwa kuwa kule haitumiki. Na vile vinavyouzwa na kampuni za simu za kule mara nyingi ni vya bando tu, hata kama jina ni lile lile la Tab A7 Lite. Kikitoka Uingereza au Dubai hali ni afadhali, lakini bado pima kama swali la 4 linavyosema.

11. Nikisafiri kwa jahazi kwenda Faza au Kiunga?

Pakua ramani na habari za upepo kabla ya kung'oa nanga. GPS ya kishikwambi chenye laini inafanya kazi bila mtandao. Ramani ndiyo inayotaka mtandao. Aghalabu vya waifai peke yake vya bei ya chini hukosa GPS, basi uliza.

## Kununua

12. Kumbukumbu kiasi gani yatosha?

RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu, ya gigabaiti 2 usiikubali, utakuwa unangoja kila unapobadilisha programu. 3 inavumilika kwa anayesoma na kupiga simu. 4 ndiyo ninayoipendekeza. Nafasi ya kuhifadhi ya gigabaiti 32 inaliwa karibu nusu na mfumo wenyewe kabla hujaweka chochote, na picha za vikundi vya WhatsApp zitamaliza iliyobaki. Tafuta 64, au weka kadi ya kumbukumbu siku ya kwanza.

13. Nimeona kimoja kimeandikwa 5G, RAM 12, gigabaiti 512, na bei ni kama ya kabambe tatu. Nikichukue?

Usikichukue. Hivyo ni vya kuandikwa tu. Mfumo umechezewa uonyeshe namba zisizokuwepo. Ndani mna RAM ya 2 au chini, na ukijaza mafaili kupita nafasi halisi, ya zamani yanaharibika. Nimeletewa picha za arusi nzima zilizopotea namna hiyo, na bibi arusi amesimama mbele yangu akingoja jibu. Sikuwa nalo.

Kipimo cha haraka ni kufungua duka la programu la Google, uingie kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu. Pale huandikwa kama kifaa kimethibitishwa au la. Kisipothibitishwa, kirudishe. Programu nyingi za benki pia huvikataa vifaa vya aina hiyo.

14. Cha mkono wa pili je?

Nilicho nacho sasa ni cha mkono wa pili, A7 Lite, na nilikitoa kwa Sh13,000. Ninachotazama kwanza ni tundu la chaja. Mulika tochi ndani: ukiona rangi ya kijani au nyeupe kwenye vidole vya chuma, kimeonja chumvi. Kisha kichaji kwa dakika kumi ukiwa hapo hapo, uone kama kinapanda. Hakikisha akaunti ya Google ya mwenyewe wa kwanza imetolewa mbele ya macho yako, la sivyo utakapokisafisha kitakudai neno la siri usilolijua.

Na kwa kila kifaa, kipya au kikuukuu, bonyeza *#06# uandike IMEI yake ya tarakimu 15 kwenye karatasi, ilingane na ya nyuma au ya sandukuni. Kenya ilizima simu bandia usiku wa 30 Septemba 2012, na tangu wakati ule kifaa chenye IMEI ya kughushi si kitu cha kuwekea laini yako.

## Matumizi ya kila siku

15. Betri inakaa?

A7 Lite na A9 zote zina 5,100 mAh, sawa na simu nyingi za kawaida, ila skrini ni kubwa zaidi na ndiyo mlaji. Kwa kusoma, simu chache na WhatsApp, changu kinatoka asubuhi mpaka isha. Siku ya video hakifiki magharibi. Kuchaji A7 Lite ni kwa wati 15 tu, basi umeme ukikatika mchana usitegemee kukijaza kwa nusu saa. Na juani, pale gatini saa saba, utapandisha mwanga wa skrini mpaka mwisho ili uone, na hapo betri inateremka ukiitazama.

16. Bahari na chumvi vitakimaliza?

Vikiachiwa, ndiyo. Hivi vya bei ya chini havina kinga ya maji. Tone moja la maji ya chumvi ndani ya tundu la chaja, ukichomeka waya, umeme unapita kwenye maji yale na kuvila vidole vya chuma. Kwa hivyo kanuni yangu moja isiyovunjwa: nikivuka, sikichomeki mpaka kimepumzika saa kadhaa mahali pakavu penye upepo. Nikifika nyumbani nakifuta kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya mvua na kukamuliwa, kisha kwa kikavu.

Ndani ya boti hukaa kwenye mfuko wa kuzuia maji unaofungwa mdomo. Usikiweke mchangani Shela ukaoga. Chembe za mchanga hukwaruza kioo na kuziba spika.

## Mambo yanayojitokeza baadaye

17. Nikikizima sauti msikitini, nitajuaje nimepigiwa?

Hutajua. Vishikwambi vingi havina mtetemo, na hili huwezi kuliona kwenye tangazo. Ukitoka, tazama skrini. Kwa anayengoja simu ya mgonjwa, hii ni sababu nyingine ya kabambe ya swali la 8.

18. Dharura ikitokea, kinapiga 999?

Kinachopiga simu kitapiga 999 na 112. Cha bando tu hakitapiga hata moja. Usimwachie mzee aliye peke yake nyumbani kifaa cha bando ukadhani umemwachia simu.

19. Kikiibiwa?

Kwanza funga laini kwa kuipigia kampuni ya simu, kwa sababu pesa ziko huko. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya Google ukifunge au ukifute kutoka mbali. Nenda kituo cha polisi na ile karatasi ya IMEI ya swali la 14. Weka na PIN ya laini mapema: mwizi akiitoa laini akaitia kwingine, haitafunguka.

20. Babangu hasikii vizuri na vidole vimekaza. Kitamfaa?

Kwa mzee wa namna hii kinafaa kuliko simu. Ile spika kubwa niliyoilalamikia kwenye swali la 6 ndiyo anayoihitaji, na vitufe vikubwa haviponyoki. Mwekee picha za wanawe kwenye ukurasa wa kwanza, kila picha impigie mwenyewe akiigusa, na uondoe kila kitu kingine. Kisimamishe kwenye kava la kusimama, ukiache kwenye chaja kutwa. Mjomba wangu anacho kimoja juu ya kitanda chake cha kamba, kimeegemezwa ukutani. Mwanawe anapiga kutoka Jeddah kila Ijumaa baada ya sala, na mjomba hukaa pale tangu saa sita, kofia kichwani, akitazama picha ile itakapowaka.